Fomu za Ukaguzi Hazilipi Vibarua

Mkulima wa Kirinyaga anayelima mishiri, yale maharagwe machanga yanayopandishwa ndege kwenda Ulaya, hana mwanasheria wala afisa wa wafanyakazi. Ana kipande cha shamba, vibarua wanaochuma na kulipwa kwa kilo, na pengine daftari. Msafirishaji anayemnunulia naye huenda ni mdogo, akisubiri oda ya duka kubwa la ng'ambo. Oda ikiongezwa jioni kwa mzigo wa kesho, wafungashaji watakesha. Ikipunguzwa, wachumaji watarudishwa nyumbani mikono mitupu. Kisha mnunuzi yuleyule hutuma mkaguzi aulize kwa nini saa za ziada zimepita kiasi! Naona hali ya kibarua katika biashara ndogo huamuliwa zaidi na jinsi biashara hiyo inavyonunuliwa kuliko jinsi inavyokaguliwa. Kwa hiyo anayetaka kuisaidia aanze na oda, bei na tarehe ya malipo.

Kenya ina ushahidi wake. Miaka ya 2000 maduka ya Ulaya yalianza kudai kanuni za EurepGAP, ambazo tangu 2007 zinaitwa GlobalGAP: stoo salama ya dawa, mavazi ya kujikinga kwa wapuliziaji, choo na maji ya kunawa karibu na shamba, kumbukumbu za kila kitu. Hakuna hata moja baya hapo. Lakini gharama ya stoo haipungui kwa sababu shamba ni dogo, na wakulima wengi wadogo walijikuta nje ya soko hilo, huku baadhi ya wasafirishaji wakihamia mashamba makubwa. Waliofaulu kubaki aghalabu walikuwa katika vikundi vyenye stoo moja, wapuliziaji wachache waliofundishwa na karani mmoja wa kumbukumbu, na msafirishaji au mfadhili akibeba sehemu ya gharama. Afrika Magharibi somo lilikuwa chungu zaidi. Kampuni za chokoleti ziliahidi mwaka 2001 kukomesha aina mbaya kabisa za ajira ya watoto katika kakao. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria kwamba watoto milioni 1.56 bado walikuwa katika ajira ya watoto kwenye kakao huko Ivory Coast na Ghana. Ahadi zilitolewa nyingi, ila mkulima aliendelea kuuza kwa bei isiyomwezesha kuajiri mtu mzima.

Wapo watakaosema udogo unageuzwa kisingizio, na hawajakosea. Kumzungushia kibarua ujira wake, au kumpa mtoto bomba la dawa, hakuhalalishwi na bei yoyote. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na karatasi si ghali. Hapo mwajiri abanwe. Ila kuongeza ujira na kupunguza saa kunahitaji fedha, na fedha hiyo iko juu kwenye mnyororo.

Wanunuzi nao hudai kwamba mlaji hatakubali bei kupanda. Hata tukiwakubalia, kulipa mapema na kutobadili oda ovyo hakumwongezei mlaji bei kwa kiasi cha kuonekana. Umoja wa Ulaya wenyewe umelitambua hilo: agizo lake namba 633 la 2019 linataka mazao yanayoharibika haraka yalipwe ndani ya siku 30, na linakataza mnunuzi mkubwa kufuta oda ya mazao hayo kwa taarifa ya ghafla au kubadili masharti peke yake. Linamlinda hata muuzaji mdogo aliye nje ya Ulaya, naye anaweza kulalamika katika nchi ya mnunuzi na kuomba jina lake lifichwe. Vyama vya wasafirishaji wa mboga na maua vinapaswa kutafsiri agizo hilo na kuwapa wanachama kabla hawajasaini mikataba ya msimu ujao.