Jukwaa na Chupa: Maonyesho ya Dawa Nchini Marekani Mwanzoni mwa Karne ya 20

Katika miji midogo na vijiji vya Marekani, tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 hadi miaka ya 1930, burudani na tiba zilifika kwa gari moja. Gari la farasi, na baadaye motokaa, liliingia likitanguliwa na ngoma na tarumbeta. Jukwaa la mbao likasimamishwa kiwanjani, taa zikawashwa jioni, watu wakaalikwa kutazama bure au kwa senti chache. Walionyeshwa vichekesho, mazingaombwe, sarakasi, ngoma za wenyeji asilia wa Marekani na nyimbo za banjo. Kati ya mchezo na mchezo alisimama mtu aliyeitwa "daktari", akahutubia, akauza chupa. Makala haya yaeleza jinsi maonyesho hayo yalivyoendeshwa, na hasa jinsi neno lililosemwa jukwaani lilivyoiponyoka sheria iliyolibana neno lililoandikwa chupani.

Ifahamike kwanza kwamba wanunuzi hawakuwa wapumbavu. Madaktari walikuwa wachache, wakikaa mbali na kutoza ghali, na wengi walikuwa bado wakikumbuka tiba za zebaki na za kutoa damu zilizowadhoofisha wagonjwa kuliko ugonjwa wenyewe. Kila nyumba ilijitegemea kwa mafuta ya mbarika, kafuri, tapentaini, shahamu ya bata bukini, na vitunguu vilivyopondwa na kufungwa kifuani. Mwuzaji wa jukwaani hakuleta jambo geni. Aliyachukua yale yale ya jikoni, akayatia chupani, akayapa jina kubwa. Kwa Kiingereza bidhaa hizo ziliitwa "dawa za hataza", jina lisilo sahihi, maana nyingi hazikuwa na hataza yoyote. Aombaye hataza hulazimika kufichua jinsi kitu chake kinavyotengenezwa, ilhali siri ndiyo iliyokuwa mali. Kilichosajiliwa ni jina la biashara.

Kampuni mashuhuri kupita zote ilikuwa ile ya Kickapoo, iliyoanzishwa mwaka 1881 na John Healy na Charles Bigelow, ikawa na makao yake New Haven, jimboni Connecticut. Ilituma vikundi vingi vya waigizaji kwa wakati mmoja, ikiuza dawa iitwayo Sagwa, iliyosemekana kuwa siri ya kabila la Wakickapoo. Wakickapoo wenyewe hawakuhusika. Wenyeji walioajiriwa kucheza ngoma jukwaani walitoka katika makabila mengine, na chupa ilikuwa na mitishamba, dawa ya kuharisha na kileo. Watu walionyang'anywa ardhi yao walikodiwa kuwa ushahidi wa hekima ya porini mbele ya wajukuu wa walioinyang'anya. Dhihaka kama hiyo iliwapata Weusi pia: kichekesho cha kufunga onyesho mara nyingi kilichezwa na Wazungu waliojipaka masizi usoni. Hata hivyo, jukwaa hilo hilo lilikuwa shule kwa wasanii wengi. Harry Houdini alifanya kazi katika kikundi cha dawa mwaka 1897 na 1898 kabla ya kupata sifa, na T-Bone Walker, mpiga gitaa mkubwa wa bluzi, alianza safari zake akiwa kijana katika onyesho la dawa huko Texas.

Ufundi wa mauzo ulistahili kuitwa fasihi simulizi. Daktari alianza mbali, kwa hadithi ya safari au ya mgonjwa aliyekata tamaa. Kisha akaorodhesha dalili ambazo kila mtu huwa nazo siku moja au nyingine, kama vile uchovu asubuhi, uzito tumboni na maumivu ya mgongo. Msikilizaji akajiona ndani ya maelezo. Ndipo wasaidizi wakaingia katikati ya watu wakiwa na chupa chache tu mkononi, na baada ya punde wakarudi mbio wakipaza sauti kwamba zimekwisha, waongezewe. Pengine zilionyeshwa tegu ndefu ndani ya chupa za kioo, eti zilizotolewa tumboni mwa wagonjwa. Violet McNeal, mzaliwa wa Minnesota, alipanda jukwaani akijifanya binti wa kifalme wa Kichina, na mwaka 1947 akachapisha kitabu cha kufichua hila hizo zote.

Madhara hayakuwa sawa kwa kila chupa. Mafuta ya nyoka ya Clark Stanley yalipopimwa na wakemia wa serikali yalionekana kuwa mafuta ya madini, shahamu kidogo inayodhaniwa kuwa ya ng'ombe, na pilipili. Mwaka 1916 alitozwa faini ya dola 20. Nyoka hakuwamo, lakini pilipili hupunguza kweli maumivu ya viungo, na hadi leo imo katika marhamu za aina hiyo. Dawa ya wanawake ya Lydia Pinkham ilikuwa na kileo cha asilimia 18 hivi, nayo ikanywewa kwa dhamiri safi na watu walioapa kutogusa pombe. Sharubati ya Bibi Winslow ya kuwatuliza watoto wachanga ilikuwa na mofini. Watoto walitulia, na baadhi yao hawakuamka. Hizi mbili ziliuzwa zaidi madukani na kwa matangazo ya magazeti, lakini ahadi zao zilikuwa zile zile za jukwaani.

Mwaka 1905 mwandishi Samuel Hopkins Adams aliyaanika mambo hayo katika jarida la Collier's, na tarehe 30 Juni 1906 Rais Theodore Roosevelt akatia sahihi sheria ya vyakula na dawa. Sheria hiyo haikupiga marufuku kasumba wala kileo. Ilidai tu kwamba vitajwe kwenye karatasi iliyobandikwa chupani, na kwamba karatasi hiyo isidanganye. Mwaka 1911 Mahakama Kuu iliamua kwamba uongo uliokatazwa ni ule wa vilivyomo chupani, si ule wa kudai kwamba dawa yaponya saratani. Bunge lilirekebisha kasoro hiyo mwaka 1912, lakini likaitaka serikali ithibitishe nia ya kudanganya, jambo gumu sana mahakamani. Hotuba ya jukwaani haikuguswa kabisa. Kwa hiyo wauzaji wengi walifuta maneno kwenye karatasi, wakayahifadhi mdomoni. Jukwaani dawa iliendelea kuponya figo, ini na huzuni, wakati chupani iliandikwa kwa unyenyekevu kwamba husaidia tumbo.

Baadaye redio na sinema ziliwafikishia wanavijiji burudani bila kungoja gari, na maonyesho yakapungua. La mwisho kubwa lilikuwa la Hadacol, dawa ya seneta wa jimbo la Louisiana, Dudley LeBlanc, yenye kileo cha asilimia 12. Mwaka 1950 na 1951 msafara wake ulizunguka majimbo ya kusini ukiwa na waimbaji na wachekeshaji wenye majina makubwa, na kiingilio kilikuwa kifuniko cha boksi la dawa hiyo. Alipoulizwa hadharani na mchekeshaji Groucho Marx dawa hiyo yafaa kwa nini, LeBlanc alijibu kwamba ilikuwa imemfaa yeye kwa mamilioni ya dola. Mwaka 1951 aliiuza kampuni, na muda mfupi baadaye walioinunua wakagundua kwamba imezama katika madeni.