Mtungi, Moshi na Barafu: Kuhifadhi Chakula Pwani Bila Jokofu

Maji ya mtungi huburudisha koo la mtu atokaye shambani, na mkazi wa Fukayosi, au wa kijiji chochote kilicho kando ya barabara ya Bagamoyo hadi Msata, hahitaji kufundishwa jambo hilo. Hata hivyo, mtungi uo huo ukipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi hutoa maji baridi zaidi. Udongo ni ule ule na mfinyanzi ni yule yule. Kilichobadilika ni hewa.

Mtungi wa udongo uliochomwa una vinyweleo ambavyo maji hupenya polepole hata yakafika nje, nao huonekana kana kwamba unatoka jasho. Jasho hilo hugeuka mvuke, na kila gramu moja igeukayo mvuke hunyakua kalori 580 hivi za joto kutoka katika mtungi na maji yaliyobaki. Kalori moja ni joto litoshalo kupandisha gramu moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Sentigredi. Basi ili lita 20 za maji zipoe kwa nyuzi 4, yatosha gramu 140 tu zipotee hewani, yaani chini ya kikombe kimoja cha chai. Ndoo ya plastiki haina vinyweleo, kwa hiyo haipoozi kitu. Mtungi mkuukuu ambao vinyweleo vyake vimezibwa na chumvi za maji nao huacha kutoka jasho, ndiyo maana wazee husema mtungi umechoka.

Lakini hewa iliyokwisha kushiba unyevu haipokei mvuke kwa urahisi. Tuchukue mchana wenye nyuzi 30. Unyevu wa hewa ukiwa asilimia 35, kama bara wakati wa ukavu, uvukizaji waweza kushusha joto hadi karibu nyuzi 19. Unyevu ukiwa asilimia 75, kama ulivyo mara nyingi pwani, hauwezi kupita chini ya nyuzi 26 hivi, hata mfinyanzi awe hodari namna gani. Mwalimu Mohammed Bah Abba wa Nigeria, aliyepata tuzo ya Rolex mwaka 2000, alitia chungu kidogo ndani ya kikubwa na kujaza mchanga mbichi katikati. Biringanya zikadumu siku 27 badala ya 3. Alifanya kazi hiyo kaskazini mwa Nigeria, ambako hewa ni kavu. Anayetaka kuiga chombo hicho Bagamoyo ajue kwanza kwamba masika yatamvunja moyo.

Nyuzi 26 zafaa kwa maji ya kunywa, lakini kwa samaki ni joto wanalolipenda vijidudu vya uozo. Kwa hiyo watu wa pwani hawakushindana na joto, bali waliwanyima vijidudu maji. Ng'onda hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa; chumvi huvuta maji kutoka katika nyama na katika miili ya vijidudu vyenyewe. Moshi nao hukausha, tena huacha juu ya samaki kemikali zinazozuia uozo. Wafugaji walichukua njia nyingine kabisa: maziwa huachwa yagande ndani ya kibuyu kilichofukizwa, na asidi itokeayo huwazuia vijidudu wengi waletao maradhi. Hizi si njia za watu waliokosa jokofu. Ni majibu sahihi kwa hewa ya mahali.

Barafu ilikuja kwa njia ya biashara. Jina lenyewe asili yake ni Kiajemi, ambamo barf ni theluji. Mwaka 1833 meli Tuscany ya mfanyabiashara Frederic Tudor iliondoka Boston, Marekani, na tani 180 za barafu iliyokatwa ziwani, ikaenda Calcutta kwa safari ya miezi minne ikivuka Ikweta mara mbili. Tani 100 hivi zilifika zingali barafu. Siri ilikuwa unga wa mbao: hewa iliyonaswa kati ya chembe zake hupitisha joto kwa shida. Unga huo ukilowa, maji huchukua nafasi ya hewa na kinga hupotea. Ndiyo sababu ghala la barafu lilihitaji mfereji wa kutoa maji kabla ya kitu kingine chochote. Kwa kinga hiyo hiyo magari ya farasi yalipeleka mabonge nyumba hadi nyumba katika miji ya Marekani, hata majokofu ya umeme yalipoenea katika karne ya 20.

Kanuni hiyo yamhusu pia mchuuzi wa baiskeli atokaye pwani na tenga la samaki. Gramu moja ya barafu ikiyeyuka hunyakua kalori 80, na haipandi juu ya nyuzi 0 mpaka iishe. Kushusha kilo 20 za samaki kutoka nyuzi 30 hadi 0 kwahitaji kilo 6 au 7 za barafu iliyopondwa, itandazwe chini, katikati na juu. Kila kilo anayoongeza baada ya hapo huliwa na jua la njiani. Gunia kavu lililojazwa unga wa mbao laweza kumwokolea sehemu kubwa yake.