Gari linachemka: tengeneza kwanza au ukope ununue jengine?



Swali hili linarudi kila baada ya muda, na aghlabu muulizaji ni baba mwenye watoto wa kupeleka skuli na madrasa. Gari lake limechakaa, likipakia watu watano linachemka, na wenzake wamemshauri achukue mkopo kazini aagize jengine kutoka Japani. Anauliza kama hali yake ni dharura inayomruhusu kuchukua mkopo wa riba.

Riba ni haramu kwa nassi ya Qur-aan, na gari linalochemka si dharura wakati bado hujajua linachemshwa na nini. Ipo njia ya murabaha, ambapo benki inalinunua gari kwanza, likawa mali yake, kisha ikakuuzia wewe kwa bei mnayoijua nyote wawili. Hiyo ni biashara. Lakini ikumbukwe kuwa murabaha nao ni deni la miaka, na Mtume (SAW) alikuwa akijikinga kwa Mola wake na deni. Kwa hiyo tuanze na lile gari lililoko uani.

Mimi natumia Corolla ya mwaka 1998. Ilipoanza kuchemka, fundi wa kwanza aliniambia injini imekwisha, nitafute injini ya mtumba. Wa pili alitizama rejeta, akabadilisha mfuniko wake, na gari likatulia. Namshukuru Allah kwamba siku ile sikuwa na pesa ya injini.

Kwani mfuniko una kazi gani? Ndani yake mna springi inayozuia presha. Maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 100, lakini yakibanwa ndani ya rejeta hustahamili mpaka karibu nyuzi 120. Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, presha inatoka, maji yanachemka mapema na kumwagika. Mwenye gari anaona moshi, anadhani injini imekufa. Ndiyo maana ukaguzi uanze na vitu rahisi: mfuniko, mipira ya maji, feni kama inazunguka gari likiwa limesimama, uvujaji kwenye pampu ya maji, na matundu ya rejeta yaliyozibwa na vumbi na wadudu. Gasketi ya silinda hedi iwe ya mwisho kutuhumiwa.

Kuna jambo mafundi wetu wengi wanalifanya, nalo ni kuitoa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Japani tu. Inaifikisha injini kwenye joto linalotakiwa na kulishikilia hapo. Ikitolewa, gari likienda mwendo wa barabara kuu injini inabaki baridi, kompyuta inaongeza petroli, na oili inachafuka upesi. Kwa baadhi ya injini mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu maji hupata njia ya mkato yakazunguka bila ya kupita kwenye rejeta, na gari likaendelea kuchemka vile vile. Ikiharibika, nunua nyengine.

Halafu yale maji yenyewe. Sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya chokaa, na visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi. Maji hayo ndani ya injini yanaacha utando na kuleta kutu, mpaka vijia vya rejeta vinaziba. Tia kulanti. Soma kwenye galoni kama imeshachanganywa au inataka kuongezwa maji safi yasiyo na chumvi. Rangi peke yake haikuambii chochote. Na gari likichemka njiani, simama, zima, subiri lipoe. Usifungue mfuniko likiwa moto, watu wameungua nyuso. Kuliendesha "mpaka nyumbani tu" ndiko kunakopinda silinda hedi, na hapo ndipo gharama ndogo inapokuwa kubwa.

Adui wa pili visiwani ni chumvi ya bahari. Anayeishi Nungwi, Makunduchi au Wete karibu na maji anaijua: gari linaoza kuanzia chini, huku rangi ya juu bado inang'aa. Ukishusha gari ufukweni kuchukua samaki, lioshe chini yake siku hiyo hiyo kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Fungua kwa kijiti vile vitundu vya chini ya milango, kwani vikiziba maji yanakaa ndani. Doa dogo la kutu likwanguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu mapema. Wapo wanaopaka oili chafu chini ya gari. Inasaidia chuma kidogo, lakini inaharibu bushi za mpira, na ikigusa breki ni hatari.

Mengine ni kawaida. Oili na filta yake kila kilomita 5,000 ukitumia oili ya kawaida. Corolla za miaka ile zina mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Vitz na IST za mwanzo zina mnyororo. Ukiwa umenunua kwa mtu na hujui mkanda ulibadilishwa lini, chukulia haujabadilishwa. Weka akiba kidogo kila mwezi kwa ajili ya gari, kama unavyoweka ya ada.

Lakini kubana matumizi kuna mpaka. Breki, boljointi, usukani na tairi havina subira. Tairi ina tarakimu nne ubavuni, mfano 2316, maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi kongwe hupasuka hata kama kashata zake zinaonekana nzima. Na kutu ikishafika kwenye chesisi, au pale shokapu na mikanda ya usalama inaposhikiliwa, hakuna kuchomelea kibati juu yake na kupaka rangi. Gari hilo usipakie tena watoto, hata kama injini inanguruma vizuri, kwani tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi.

Likifika hapo, liuze kwa spea, au kwa anayetaka injini tu. Na mnunuzi mwambie kila unachokijua: liliwahi kuchemka, chesisi imeoza mahali fulani, gia inachelewa kuingia. Kuficha aibu ya bidhaa kunaiondolea biashara baraka, na neno "nimekuuzia kama lilivyo" halimwondolei muuzaji dhambi ya kasoro aliyoijua akanyamaza. Bei itapungua. Ndiyo bei yake.