Chuo Chenye Mlango wa Kuelekea Zizini

Mwishoni mwa karne ya 19, wafugaji wa Wisconsin, jimbo la kaskazini mwa Marekani, walikuwa wakipunjana. Viwanda vya jibini vilinunua maziwa kwa uzito. Aliyetia maji alilipwa zaidi, aliyeengua malai kabla ya kupeleka alipata faida mara mbili, na aliyemlisha ng'ombe wake vizuri akapata maziwa mazito alilipwa bei ileile ya mchakachuaji. Ugomvi huo ungeweza kuua biashara ambayo bado ilikuwa changa. Jimbo lilikuwa limekimbilia ng'ombe baada ya ngano kuchosha udongo na kushambuliwa na wadudu, na wakulima wengi hawakuwa na pa kurudi.

Mwaka 1890 Stephen Babcock, mkemia wa chuo kikuu cha jimbo mjini Madison, alipata dawa ya ugomvi huo. Unachukua chupa yenye shingo nyembamba iliyochorwa vipimo, unatia maziwa, kisha asidi ya sulfuriki ya kiasi karibu sawa. Asidi inayeyusha vyote isipokuwa mafuta. Unaizungusha chupa kwa mashine, unaongeza maji ya moto, mafuta yanapanda shingoni na unasoma asilimia. Ni kazi ya dakika chache, na karani yeyote wa kiwandani angeweza kufundishwa. Babcock hakuikatia hataza. Huku kwetu vituo vya kukusanyia maziwa vimezoea zaidi laktomita, na kipimo cha Gerber kilichobuniwa Uswisi miaka hiyohiyo, lakini kisa cha maziwa ya maji hakihitaji kuelezwa.

Cha kuuliza ni hiki: profesa wa kemia alijiingizaje katika ugomvi wa wauza maziwa? Jibu si wema wa moyo tu. Mwaka 1862 sheria ya Morrill iliyapa majimbo ya Marekani ardhi ya umma wauze, ili fedha zake ziendeshe vyuo vitakavyofundisha kilimo na ufundi bila kuacha elimu nyingine. Wisconsin ilipata ekari 240,000. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe: ilitoka mikononi mwa mataifa ya wenyeji kwa mikataba ya shinikizo, na Madison yenyewe iko katika nchi ya Waho-Chunk waliyolazimika kuiachia mwaka 1832. Mwaka 1887 sheria ya Hatch ikaongeza fedha za kituo cha utafiti wa kilimo kwa kila jimbo. Kwa hiyo Babcock alikuwa na mshahara, maabara, na mwajiri aliyehojiwa na bunge la jimbo kila bajeti ilipofika. Wabunge wengi walitoka vijijini. Walitaka kujua chuo kinawafaa nini wapiga kura wao, na mkuu wa kilimo chuoni alilazimika kuwa na cha kuwajibu.

Charles Van Hise, mwanajiolojia aliyeongoza chuo hicho kuanzia 1903 hadi 1918, aliugeuza ulazima huo kuwa falsafa. Mwaka 1905 aliwaambia wahariri wa magazeti kwamba hataridhika mpaka manufaa ya chuo yaifikie kila familia ya jimbo. Alikuwa amesoma pamoja na Robert La Follette, gavana wa wakati huo, na urafiki wao ulirahisisha mambo, na zaidi ya hayo kilima cha chuo na jengo la bunge vinatazamana kwenye ncha mbili za barabara moja isiyozidi sana kilomita moja na nusu. Charles McCarthy alikuwa ameanzisha maktaba ya bunge mwaka 1901: mbunge anayetaka kutunga sheria alipata humo maelezo ya jinsi majimbo mengine na nchi za Ulaya zilivyoshughulikia jambo hilohilo. Hapo awali mara nyingi aliyempa mbunge maelezo ya namna hiyo alikuwa wakili wa kampuni ya reli. Mwanauchumi wa chuo hicho, John R. Commons, alishiriki kuandika sheria za utumishi wa umma na za kusimamia kampuni za huduma, na mwaka 1911 jimbo likapitisha sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, mojawapo ya za kwanza za aina yake nchini Marekani kusimama imara mahakamani. Bima ya kukosa ajira ilifuata mwaka 1932. Miaka michache baadaye Edwin Witte, mwanafunzi wa Commons, alikuwa mkurugenzi mtendaji wa kamati iliyotayarisha sheria ya hifadhi ya jamii ya Marekani nzima, ile ya 1935.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, tukio linaloonyesha vizuri zaidi namna mfumo huu unavyofanya kazi halikupangwa na mkuu wa chuo wala gavana. Februari 1933, katikati ya tufani ya theluji, mfugaji mmoja aliendesha gari karibu kilomita 300 hadi Madison akiwa na mtamba aliyekufa, debe la damu isiyoganda na mzigo wa majani makavu ya klova yaliyooza. Ng'ombe wake walikuwa wakivuja damu na kufa. Alimtafuta daktari wa mifugo wa jimbo, akakuta ofisi imefungwa kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, akaishia kwenye maabara ya mkemia Karl Paul Link. Link hakuwa na dawa ya kumpa. Alimwambia aache kulisha majani yale, mfugaji akarudi mikono mitupu.

Lakini damu ilibaki maabara. Mwaka 1939 kikundi cha Link kikaipata katika majani ya klova yaliyooza kemikali iliyozuia damu kuganda, na kutokana na utafiti huo ikatoka warfarini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya na katika miaka ya 1950 ikawa dawa ya binadamu. Mgonjwa aliyewekewa vali bandia ya moyo Dar es Salaam au Nairobi anaijua: ndiyo inayomfanya apimwe damu mara kwa mara.

Mlango kama huo, wa kumfikisha mkulima kwa mtafiti, kwetu umegawanyika. Tanzania, utafiti wa kilimo uko TARI, ufundishaji wa shahada uko vyuoni kama Sokoine kule Morogoro, na afisa ugani ameajiriwa na halmashauri. Kila mmoja ana bosi wake na bajeti yake, na swali la mkulima likitoka kwa bwana shamba lina safari ndefu kabla ya kumfikia mtafiti. Wisconsin kazi hizo tatu zina mwajiri mmoja. Bwana shamba wa kwanza wa kaunti alianza kazi Oneida mwaka 1912, akizunguka kwa pikipiki, na sheria ya Smith-Lever ya 1914 ikagawa gharama za ugani kati ya serikali kuu, jimbo na kaunti. Kwa kuwa kaunti inachangia, mkulima ana haki ya kulalamika akiona ofisi imefungwa. Na kwa kuwa afisa ni mtu wa chuo, lalamiko lenye swali ndani yake linaweza kuishia maabara.

Nisipambe kupita kiasi. Chuo kinachomtumikia mwenye ng'ombe kinaweza kumsahau asiye naye. Mwaka 1924 Harry Steenbock wa Madison alionyesha kwamba chakula kikimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno hupata vitamini D, inayozuia matege kwa watoto. Yeye, tofauti na Babcock, alikata hataza, na mwaka 1925 ukaundwa wakfu wa kuisimamia na kurudisha mapato kwenye utafiti. Utaratibu ulikuwa mzuri na umelipia sayansi nyingi. Ila wakfu huo ulikataa kuwapa leseni watengenezaji wa majarini, ili siagi ya Wisconsin isipate mshindani. Majarini ndiyo iliyokuwa siagi ya maskini, na watoto wa maskini ndio waliopata matege zaidi. Mahakama ya rufani ya Marekani ililiona hilo katika miaka ya 1940, ikaukemea wakfu na kuzibatilisha hataza.

Siku hizi mfumo wa vyuo vikuu vya umma vya Wisconsin, uliounganishwa mwaka 1971, una vyuo vikuu 13 katika jimbo la kaunti 72, na ugomvi umehamia kwenye swali la nini kihesabiwe kuwa huduma. Februari 2015 bajeti iliyopendekezwa na Gavana Scott Walker ilitaka kufuta katika sheria ya mfumo huo maneno ya kutafuta ukweli na ya kupeleka maarifa nje ya kuta za chuo, na kuweka mahitaji ya soko la ajira. Kelele zilikuwa kubwa hata akarudi nyuma ndani ya muda mfupi, akisema ni kosa la uandishi, ingawa kumbukumbu zilizotolewa baadaye zilionyesha kwamba ofisi yake ndiyo iliyoagiza. Maneno yalibaki. Fedha zilikatwa hata hivyo, dola milioni 250 kwa miaka miwili, na tangu 2023 baadhi ya matawi madogo ya miji ya pembeni yamefungwa.

Mazizi nayo yamebadilika. Makundi ya ng'ombe wa maziwa yenye leseni yalizidi 15,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sasa hayafiki 6,000, kwa sababu mashamba madogo yamekufa na makubwa yamenenepa. Wakamuaji katika mashamba makubwa ni aghalabu wahamiaji kutoka Meksiko na Amerika ya Kati, wengi bila vibali, na tangu 2007 sheria ya jimbo haiwaruhusu watu hao kupata leseni ya udereva. Ofisi ya ugani iliyo mjini hawaifikii kwa urahisi. Maofisa wanaokwenda kuwafundisha usalama wa kazi na utunzaji wa ndama huwafuata huko huko shambani, na husema nao Kihispania.