Gemu ya simu: Soma mpango kabla ya kutoa mtaji

MFANYABIASHARA wa Mbaha, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, anajua kwamba mtumbwi, nyavu na taa hulipiwa kabla dagaa wa kwanza hajaonekana. Biashara ya gemu za simu na kompyuta ina hesabu ya namna hiyo hiyo, ila msimu wake ni mrefu zaidi.

Kampuni ya Kiro'o Games ya Kameruni ilianza kazi rasmi mjini Yaoundé mwaka 2013. Gemu yake ya kwanza kubwa, Aurion, iliingia sokoni mwaka 2016. Mwaka 2015 kampuni hiyo ililazimika kuchangisha karibu yuro 50,000 kwa njia ya mtandao ili kuikamilisha.

Kinachosaidia fedha kama hizo kurudi ni mpango. Huu ni waraka unaoeleza mambo manne: mchezaji anafanya nini, anashindaje, kwa nini arudi kesho, na nani analipa. Badiliko kwenye waraka hugharimu karatasi na kalamu. Badiliko hilo hilo baada ya mchoraji na mtaalamu wa programu kumaliza kazi hugharimu mishahara ya miezi.

Mfano mzuri ni bao, mchezo unaojulikana tangu Zanzibar hadi Malawi, ambako huitwa bawo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hatua ya kwanza ni namua. Kete za mkononi zikiisha, hatua ya pili huitwa mtaji.

Kwa mwekezaji, bao lina nafuu mbili. Sheria zake zimejaribiwa na vizazi vya wachezaji, na hakuna mwenye hakimiliki ya kulipwa. Aidha, mpango waweza kupimwa kwa ubao na kete halisi kabla ya kuajiri mtu yeyote.

Hata hivyo, gharama huhamia kwingine. Bao ni gumu kwa anayeanza, hivyo mpango lazima useme kama gemu ni ya mafundi au ya wanafunzi. Wanafunzi wanaweza kuanzia bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete 2. Mafundi watataka kompyuta inayocheza vizuri, na hiyo ni kazi nzito ya programu. Kuwakutanisha wachezaji walio mbali kunahitaji mtambo wa mtandaoni, ambao ankara yake huja kila mwezi.

Soko nalo lina ushuru wake. Kujiandikisha kuuza Google Play ni dola 25 mara moja. Kwa Apple ni dola 99 kila mwaka. Julai 2021 Google ilishusha kamisheni kutoka asilimia 30 hadi 15 kwa dola milioni 1 za kwanza za mwaka. Kamisheni hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida: katika kila shilingi 100, zinabaki 85 za kulipia mishahara, umeme na matangazo.

Mwekezaji mdogo na adai mpango ulioandikwa, kisha alipe kwa awamu. Awamu ya kwanza iishie kwenye gemu inayochezeka, hata kama picha zake ni duni, nayo ijaribiwe na watu wasio na undugu na mtengenezaji. Wasiporudi kuicheza siku ya pili, mpango urekebishwe au fedha zisimame hapo, hasara ikiwa bado ndogo.