Kitabu cha Zamani, Chapa ya Ngapi?

Mnunuzi wa mchele Ubaruku hadanganywi na gunia zuri. Huchoma bambo, akamimina punje kiganjani, akaangalia chenga na rangi ndipo ataje bei. Wakusanyaji wa vitabu vya watoto nao hawaishii kwenye jalada. Hufungua moja kwa moja nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu, palipoandikwa mchapishaji, mwaka na hakimiliki.

Huko ndiko wengi hukosea. Mwaka wa hakimiliki haubadiliki kitabu kinapochapwa upya. *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert ilitolewa na Macmillan mwaka 1952, na *Kusadikika* ikatolewa na Nelson mwaka 1951. Vitabu hivyo vikasomeshwa shuleni miaka mingi na kurudi mtamboni tena na tena. Nakala inaweza kutaja 1952 na bado ikawa imechapwa miaka mingi baadaye. Kinachoamua ni mistari inayofuata: ikiorodhesha miaka ya kuchapwa tena, hiyo si chapa ya kwanza, hata kama karatasi zake zimegeuka manjano.

Baadhi ya wachapishaji hutumia safu ya tarakimu, kuanzia 10 hadi 1. Kila kitabu kinaporudi mtamboni, tarakimu ndogo kabisa huondolewa. Kwa kawaida, 1 ikiwapo, hiyo ni chapa ya kwanza. Ndogo kabisa ikiwa 4, ni ya nne.

Vitabu vyetu vya zamani mara nyingi havina safu hiyo, lakini vina alama nyingine. ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, ilianza kuenea duniani mwaka 1970, na tangu Januari 2007 ina tarakimu 13. Kwa hiyo nakala ya *Kusadikika* yenye ISBN haiwezi kuwa ya 1951. Jina la nchi nalo husema: anwani ya mchapishaji ikitaja Tanzania, kitabu kimechapwa baada ya Oktoba 1964, jina hilo lilipoanza kutumika. Kibali cha Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kikiwamo, kitabu si cha kabla ya 1930, mwaka kamati hiyo ilipoundwa.

Makosa ya uchapaji pia ni ushahidi. Mfano maarufu ni kitabu cha kwanza cha Harry Potter, kilichotolewa na Bloomsbury ya London Juni 1997. Chapa ya kwanza yenye jalada gumu ilikuwa nakala 500 tu. Ukurasa wa 53 una orodha ya vifaa vya shule, na humo fimbo ya uchawi imetajwa mara mbili. Ukurasa wa hakimiliki unamtaja mwandishi kama Joanne Rowling, na safu ya tarakimu inafika 1. Desemba 2021 nakala moja ya chapa hiyo iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 471,000.

Asitokee mtu wa kudhani kila kitabu cha darasani kitafika huko. Bei hutegemea uchache, hali ya kitabu na idadi ya wanaokitafuta. Vitabu vya watoto huadimika kwa sababu vilitumika: vilichorwa kalamu, vikapokezanwa kutoka kwa kaka hadi mdogo, vingine vikaishia kufungia karanga au kuliwa na mchwa. Nakala iliyosalia ikiwa safi, na jalada lake la awali, ndiyo hutafutwa zaidi. Yenye mhuri wa shule au maktaba iulizwe kwanza ni mali ya nani.

Anayekuta vitabu hivyo kwenye sanduku la wazee, iwe Ubaruku, Rujewa au Iringa, asibandike selotepu, asibandue jalada, wala asifute majina yaliyoandikwa ndani. Apige picha jalada na ukurasa wa hakimiliki, kisha aulize maktaba ya mkoa, Maktaba Kuu ya Taifa au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kupokea hela ya mtu yeyote.