Taa ya Utelezi na Mlio wa Mbele: Gari Lako Linasema Nini?

Katika mazungumzo yetu na madereva wa Mutukula na vijiji vya jirani, swali moja hurudi mara kwa mara. Ile taa ya manjano yenye picha ya gari na alama mbili zilizopinda nyuma yake ina maana gani? Na je, mtu aendelee na safari ikiwa imewaka huku upande wa mbele ukitoa mlio? Wanaouliza zaidi ni wenye magari ya juu, yaitwayo SUV, nao wana sababu ya kuuliza: gari la namna hiyo hubeba uzito wake juu, na likikatwa kona ghafla hupinduka kwa wepesi kuliko gari dogo la chini.

Taa hiyo ni ya mfumo wa kuzuia utelezi. Ulianza kufungwa katika magari ya Mercedes-Benz mwaka 1995, na Marekani ikauamuru kwa magari mapya yote mepesi kuanzia matoleo ya mwaka 2012. Toyota huuita VSC, Nissan huuita VDC, wengine ESP. Kazi ni ile ile. Kila gurudumu lina kihisi kinachopima kasi yake. Kihisi cha usukani hueleza dereva anataka kwenda wapi, na kingine hupima gari lenyewe linageuka kiasi gani. Majibu yasipopatana, kompyuta hukamata breki ya gurudumu moja peke yake na kupunguza nguvu ya injini, mara nyingi kabla dereva hajatambua kwamba ameanza kuteleza.

Ikimetameta kwa muda mfupi katika tope au changarawe, mfumo uko kazini. Punguza mwendo tu. Ikiwaka bila kuzima, mfumo umejitoa kazini kwa hitilafu. Breki za kawaida kwa kawaida hubaki, lakini ukiona taa ya ABS imewaka pamoja nayo, usitegemee msaada wa kompyuta unapokanyaga breki kwa nguvu. Taa nyekundu ya breki ikiungana nazo, simamisha gari mahali salama.

Sasa tuje kwenye mlio, maana hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Mngurumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, na kubadilika gari linapoegemea upande mmoja katika kona, kwa kawaida hutoka kwenye beringi ya gurudumu. Katika magari mengi ya sasa beringi hiyo hubeba pete ya sumaku inayosomwa na kihisi. Beringi ikichakaa, pete huyumba, kihisi hupotewa na hesabu, na taa huwaka. Hivyo mlio na taa vinaweza kuwa ugonjwa mmoja. Mgongano wa "ko, ko" katika mashimo kwa mwendo mdogo ni habari nyingine: huenda ni linki za stabilaiza, bushi, au boli-jointi. Linki iliyolegea husumbua masikio zaidi kuliko usalama. Boli-jointi ndiyo tunayoihofia sisi, kwani ikichomoka gurudumu hulala upande na usukani hauna kazi tena. Mlio wa "ta-ta-ta" usukani unapokatwa hadi mwisho huelekeza kwenye jointi ya ekseli.

Fundi mwaminifu hatauza kifaa kabla ya kupima. Huinua gari kwa jeki, huliegemeza juu ya stendi imara, kisha hulitikisa gurudumu juu na chini. Likicheza, atazame beringi au boli-jointi. Likicheza kulia na kushoto, atazame viungo vya usukani. Barabara zetu za murramu hurusha mawe na tope, kwa hiyo waya wa kihisi ukaguliwe na kusafishwa. Mara nyingine gharama yote ni hiyo. Tairi zisizolingana kwa ukubwa nazo zaweza kuwasha taa, na vilevile usukani uliorekebishwa bila kihisi chake kupangwa upya.

Kuhusu kompyuta ya kupimia, jambo moja halifahamiki vya kutosha: vifaa vingi vya bei nafuu husoma injini peke yake. Mwulize fundi kama chake husoma misimbo inayoanza na herufi C, ambayo ndiyo ya breki na magurudumu. Msimbo huo mara nyingi hutaja gurudumu lenye tatizo, na kukuepusha kununua vihisi vinne kwa kubahatisha.

Wapo wanaoona njia fupi zaidi, wakaichomoa taa yenyewe au kuifunika kwa gundi nyeusi. Gari la namna hiyo likiuzwa, mnunuzi hupakia familia yake akiamini kwamba halina kasoro. Kwa hiyo anayenunua gari lililotumika, upande huu au ule wa mpaka, asianze na rangi wala redio. Afungue swichi bila kuwasha injini: taa ya utelezi na ya ABS ziwake, kisha zizime baada ya muda mfupi au injini inapowaka. Isiyowaka kabisa itolewe maelezo na muuzaji kabla ya fedha kutoka mfukoni.